Niliambiwa na Mtu Mwaminifu

Jumatano, Mei 2013. Al Mansoura, Doha. Vumbi tangu asubuhi, hata jengo la ng'ambo ya barabara silioni.

Kwanza nikuseme wewe, mtawa wa Ulaya uliyekufa zamani, uliyekaa mezani kwa bwana wako ukila nyama yake na kuandika vita usivyopigana. Huna haya. Ukurasa mzima umeusifu mkuki wa bwana, farasi wake umemtaja kwa jina, halafu watu waliokufa kwa miguu ndani ya tope ukawaita "na wengine wengi." Wengine wengi ndio akina nani? Hawakuzaliwa?

Haya. Nimeanza na hasira na sitaomba radhi.

Kwa mgeni aliyepotelea kwenye blogu hii: mimi ni nyanya wa Kitaita, naishi Doha na binti yangu Saru ambaye ni nesi, pamoja na mwanawe Wakesho. Wakesho ana miaka kumi na saba. Blogu alinifungulia yeye ili nipate pa kupigia kelele badala ya sikioni mwake. Naandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya mama yake, yeye akirudi shuleni ananirekebishia herufi na kuichapisha. Niliacha shule darasa la nne. Kusikiliza sikuacha.

Sasa huyu mtoto anasoma historia. Wiki mbili hizi amekuwa akinisomea vitabu vya waandishi wa tarihi wa Ulaya ya kale, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili sentensi kwa sentensi huku mimi nikichambua mchicha. Wengi walikuwa watawa, wengine makarani wa wafalme. Kazi yao kuandika vita vya mabwana waliovaa chuma utosini hadi kisiginoni. Ati mabwana hao walikuwa na kanuni. Aliyeanguka hapigwi. Mwanamke haguswi. Adui mwenye cheo akishikwa, anakaribishwa chakula, anamiminiwa divai na yule yule aliyemshika, na anaachiwa aende kwao kutafuta fidia kwa ahadi ya mdomo tu.

"Nyanya, si ni poa?" Wakesho ananiuliza. "Wanaheshimiana hata vitani."

"Na asiye na cheo akishikwa?"

Akafunua kurasa. Akafunua tena. "Hapa wanasema waliuawa, kwa sababu hawakuwa na wa kuwalipia."

"Endelea kusoma hiyo heshima yako."

Akasoma. Jeshi limepita mashambani, limechoma vijiji vyote vya njiani. Mstari mmoja. Baada ya hapo karamu, na karamu imepewa kurasa mbili, mpaka aina za ndege waliochomwa. Niliacha mchicha nikamtazama. Nilitaka kujua nani alikuwa amelima ile nafaka iliyoungua, na mwaka ule watoto wake walikula nini. Wakesho akasema mwandishi hakuuliza.

Jambo lililonichoma zaidi ni namna wanavyojitetea. Mwandishi mwenyewe hakuwepo vitani, na anakiri hakuwepo, kwa hiyo anaandika: niliambiwa haya na mtu mwaminifu aliyeyaona kwa macho yake.

Hapo nikacheka kwa ubaya. Nikamwambia Wakesho, tumia akili, mtoto. Waliokaa wakapigana wako chini ya udongo. Anayefika kwenye nyumba ya mtawa akiwa mzima, ana pumzi ya kusimulia, ni yule aliyekimbia. Huyo ndiye mtu mwaminifu wa vitabu vyako.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Wiki iliyopita. Halafu nikaendelea na mchicha wangu, majani nikiyatupa na vijiti nikivitia sufuriani.

Kwa sababu mwalimu wao alikuwa amewapa kazi. Kila mwanafunzi aandike tarihi ya vita vimoja vya ukoo wake, kwa mtindo wa wale waandishi wa kale, aje aisome mbele ya wazazi. Kesho, Alhamisi, saa kumi. Wakesho alichagua vita vya babu yake, marehemu mume wangu, Mwakio, aliyekuwa askari wa jeshi kule kaskazini kwenye nchi kame, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Na nani alimhadithia? Mimi. Tangu ana miaka minne namhadithia.

Jana jioni alinisomea alichoandika. Ameandika vizuri, laana yake. Babu yake amekuwa bwana wa chuma. Doria inavamiwa kwenye vichaka, risasi zinanyesha, rafiki yake Kilonzo anaanguka. Mwakio hakimbii. Anambeba Kilonzo mgongoni, anatembea naye juani maili tatu, anampa maji yake ya mwisho, na Kilonzo anapokata roho anamfunika uso kwa koti lake. Mwisho kabisa, kama alivyofundishwa na vitabu vyake, ameandika:

"Niliambiwa haya na mtu mwaminifu, nyanya yangu."

Nilimwambia naumwa kichwa, nikaenda kulala. Saa moja ya jioni, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nyumba iko tupu, Saru kazini, Wakesho shuleni. Nikingoja warudi sitaandika.

Mwaka ule Kilonzo alipokufa nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa mwaka mmoja, na kiburi changu kilikuwa kimenijaa mpaka hapa shingoni. Mume wangu askari! Alipopewa likizo tukapanda gari mpaka Kibwezi, kwao Kilonzo, kuhani msiba. Mwili haukuletwa. Tulimkuta mjane wake, Nduku, msichana wa rika langu, ana mimba kubwa, amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama mume wangu tu.

Wazee wa boma lile walikuwa wamekataza chakula kisipakuliwe kabla mtu aliyetoka huko vitani hajasimama akaeleza marehemu aliondokaje. Kwetu pia ndivyo tunavyofanya matangani, lazima kifo kisimuliwe mbele ya watu. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, watoto wana njaa. Mwakio akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akakaa.

Haya iliniwaka usoni. Askari mzima hawezi kusema! Nikaona wanawake wanatazamana. Basi nikasimama mimi.

Hakuna aliyenituma. Mwakio alikuwa ameniambia maneno mawili tu kuhusu siku ile: "Nilikuwa naye." Nikayachukua hayo mawili nikayanenepesha. Mgongo niliuleta mimi, na maji, na koti pia. Nilikuwa nasema kwa Kiswahili, na mjomba wa Kilonzo anageuza kwa Kikamba, na huyo naye hakuwa mtu wa kupunguza: maili zangu tatu zikawa kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Watu wakaguna kwa sifa. Nduku akalia, hatimaye, kilio cha mtu aliyepata pa kushika. Akaja akamshika mume wangu miguu.

Sufuria zikafunuliwa. Tukala.

Njia nzima mpaka Voi Mwakio hakusema neno. Nikadhani ni huzuni. Nikamsema kwa kunitia aibu mbele za watu.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wakamwita Musyoka. Na kila mwezi wa Desemba, mwaka hata mwaka, kwa miaka karibu arobaini, kukawa kunaletwa asali nyumbani kwetu. Nduku mwenyewe alikuwa akiileta, baadaye mtoto alipokua akaanza kuileta yeye. Asali nyeusi ya Kibwezi, nzito, yenye ladha ya moshi. Watoto wangu wamekua wakipakwa asali hiyo kwenye mhogo. Wageni nilikuwa nawaambia inatoka wapi na kwa nini, nikirudia hadithi, na kila mwaka hadithi ikipata nguo mpya.

Mwakio hakuionja hata siku moja.

Alisema inamuuma meno. Nikamgombeza. Nilimwita mwenye majivuno, nikamwambia anamdharau mjane. Akachukua kofia akatoka.

Aliniambia ukweli mwaka aliokufa, 2004, akiwa kitandani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia mlango wa zizi haufungiki. Alisema: "Nilimwacha hai. Chupa ya maji niliichukua mimi." Nikamwambia nyamaza, homa hiyo. Akasema, "Aliniita jina. Mara mbili." Halafu akanitazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniua. "Siku ile Kibwezi nilisimama niseme. Nikashindwa. Nilikuwa najikusanya nisimame tena. Wewe ukasimama kabla yangu, na ulipomaliza sikuwa na pa kurudi."

Miaka karibu arobaini nilimvika mume wangu nguo ya chuma na sikumwachia hata tundu la kupumulia. Yule mtawa angalau alilishwa na bwana wake. Mimi nilifanya bure, kwa majivuno tu.

Na sikusema lolote tena. Miaka tisa. Nilimzika, wakasoma wasifu wake, maili tatu zikatembea tena mbele ya jeneza. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa Musyoka. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu na ana watoto watatu. Yuko hapa hapa Doha, dereva wa familia moja huko Muaither. Nilipofika hapa sina ninayemjua ila binti ambaye zamu zake zinamla, ni yeye aliyenitafuta. Akipewa gari Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, ananipeleka kanisani. Ananiita Mama. Ananitafutia unga wa ugali. Alipotoka likizo Desemba aliniletea asali, ndani ya chupa ya soda, ameifunga kwa mfuko wa plastiki mara nne kwa kuogopa watu wa forodha. Ipo kabatini. Nimeinusa tu.

Leo mchana amepiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Sema unachotaka, usinizungushe."

Akacheka. Anapenda nikimkaripia, huyu. "Madam amenipa ruhusa kesho kuanzia saa tisa. Nitawachukua nyote. Shati nimeshapiga pasi."

"Vaa na tai."

"Tai sina, Mama."

"Basi funga vifungo vyote, usije kwenye shule ya watu na kifua nje kama mpiga debe."

Akacheka tena, halafu akashusha sauti. "Mama, nina ombi. Ule ukurasa wa Wakesho. Anaweza kunitolea nakala? Nataka kumpelekea mama nyumbani. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini atasomewa. Anasema atautia kwenye fremu, autundike pale chini ya picha ya harusi yao. Hajawahi kuiona ile habari imeandikwa."

Nilimwambia tutaona. Nikakata simu. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka chai ikapoa ikaota ngozi juu.

Nduku yu hai. Mimi naye rika moja. Anangoja kutundika uongo wangu ukutani.

Nimejaribu kujitetea mchana wote. Nikasema: mjane amelala usingizi kwa miaka mingi akijua mume wake hakufa peke yake, hakufa na kiu. Nani mimi nimnyang'anye uzeeni? Hoja hiyo ni nzuri, nimeipenda, nimeizungusha kichwani kama pipi mdomoni. Nikasema tena: Kilonzo ameshakufa, Mwakio ameshakufa, wafu hawasomi. Na nikasema lile la kweli, ambalo ni la aibu: Musyoka akijua, Ijumaa nitaenda kanisani na nani? Nani ataniita Mama? Wakesho atanitazama vipi, huyu aliyeniandika kwa mkono wake kuwa mtu mwaminifu?

Uongo wa mdomo ungekufa nasi. Nduku angekwenda, mimi ningekwenda, basi. Lakini ukishaandikwa ukapigwa fremu, atausoma mjukuu wa Musyoka na mjukuu wake, kama Wakesho anavyomsoma leo yule mtawa, na hatatokea mtu wa kuuliza.

Hata hivyo, kisa hicho hakijaisha. Kuna sehemu nimeizunguka tangu nilipoanza kuandika. Mnaona ninavyowafanyia? Nawapa nusu, nabaki na nusu, na hata leo namkinga mume wangu.

Mwakio alinieleza yote siku ile kitandani. Risasi zilipoanza, aliyeanguka kwanza alikuwa yeye, Mwakio. Hakupigwa na kitu. Miguu ilimwisha kwa woga, akalala kifudifudi akishika vichwa vya majani. Wenzao walishakimbilia kwenye korongo. Kilonzo alikuwa ameshafika korongoni, ameshapona, hana jeraha. Akageuka akamwona rafiki yake hayupo.

Akarudi.

Akamshika mkanda, akamwinua, akamsukuma mbele yake. "Nenda, nenda, mimi niko nyuma yako." Ndipo wakampiga, tumboni. Mwakio akageuka, akamwona chini, akachukua chupa ya maji iliyokuwa imeanguka kati yao. Hakujua kwa nini aliichukua, alisema mkono uliichukua wenyewe. Akaenda. Akaitwa jina mara mbili. Akaenda.

Hakuna maili tatu, na aliyebeba mtu ni Kilonzo.

Kwa hiyo si kiu peke yake niliyoificha. Nimemwibia maiti. Nilimfanya Kilonzo mzigo mgongoni mwa mume wangu, mtu wa kubebwa, mtu wa kunyweshwa maji, hana hata neno moja la kusema katika hadithi ya kifo chake mwenyewe. Nikampa mume wangu uungwana wa yule mwingine, kisha nikala asali ya mjane wake. Na mtoto wake amekua akijua baba yake ni mtu aliyeokolewa bila kupona. Hajui kwamba baba yake alikuwa ameshafika salama akarudi.

Nilikutukana asubuhi, mtawa. Yale matusi nayarudisha mlangoni kwangu. Wewe angalau uliandika "na wengine wengi." Mimi nilikuwa na mmoja tu wa kumkumbuka, jina lake nalijua, mkewe namjua, na nikamfuta.

Habari za Nduku sitaamua mimi. Nimekwisha kumwamulia mara moja na mnaona matunda yake. Musyoka ndiye mwenye mama. Akitaka kumwambia, amwambie yote. Akitaka kumwachia usingizi wake, ni wake. Lakini Musyoka mwenyewe atasikia kutoka kwangu, kwa mdomo ule ule, kabla hajasikia chochote kwenye ukumbi wa shule. Na akishuka ngazi zangu asipande tena, nitakwenda kanisani kwa teksi.

Naogopa. Niandike hilo pia.

Wakesho, wewe ndiye utakayesoma hapa kwanza, kwa hiyo sikiliza vizuri. Herufi zangu leo usizirekebishe. Waraka huu usiuchapishe mpaka Musyoka awe amesikia. Ule ukurasa wako wa babu usimpelekee mwalimu, na nakala usimtolee mtu. Mpigie Musyoka sasa hivi, mwambie kesho aje saa nane, amwombe madam wake hiyo saa moja ya ziada, na asitungoje garini akipiga honi. Apande juu, avue viatu, akae. Kisha toa ile asali kabatini uiweke mezani mbele ya kiti chake, bila kijiko, maana si ya kuliwa, namrudishia. Na wewe ukae karibu naye na kalamu yako. Anza mstari wa kwanza na Kilonzo, jina lake lote, ana miguu yake miwili, yuko korongoni, amepona. Andika kwamba aligeuka. Na kule mwisho, pale ulipoandika mtu mwaminifu, ufute.